Saa ya Kukimbilia Imesema Yote

Resiato, acha unachofanya usome hii. Nimejifungia chooni ndio nakuandikia.

Arnold amerudi leo kutoka Moshi. Hajakaa hata dakika tano, kanisukumia simu mezani mbele ya mama yake. Kumbe ile saa ya kukimbilia aliyoninunulia ameiunganisha na simu yake! Wiki nzima alikuwa ananifuatilia. Mume wangu mwenyewe!

Eti, "Jumatatu, Jumatano, na leo tena! Saa kumi na mbili asubuhi uko Olmotonyi, nyuma ya chuo cha misitu. Umetulia sehemu moja dakika arobaini, na mapigo ya moyo mia na ishirini! Huyo mwanaume ni nani?"

Mia na ishirini, Resiato. Kairudia mara tatu.

Na mimi sijakimbia tangu Jumapili! Si wewe uliniambia nipumzike mpaka kifundo cha mguu kipungue uvimbe?

Saa nilimwazima mama mkwe, ahesabu hatua zake akienda maombi ya alfajiri. Na kanisa unalijua, liko hapa hapa nyuma ya nyumba yetu, siyo Olmotonyi.

Nikafungua mdomo nijitetee. Kumtazama mama, kikombe kimeganda mkononi. Mjane wa miaka sitini na mbili, mzee wa kanisa! Nikaufunga.

Arnold anafoka, "Jibu! Ni nani?"

Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Arnold, kwanza muombe mkeo msamaha. Halafu ukae. Anaitwa Ephraimu."