Mvua Si Sawa Kila Mwaka

Uholanzi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, na mguu wa Mama uwe umepata nafuu. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na leo kalamu yaniruka mkononi kwa furaha: mtihani wa mwisho nimefaulu!

Wajua huku nimesomea maji ya visima vyetu, tangu Diani hadi Msambweni. Nilitengeneza hesabu ndani ya kompyuta inayokisia kina cha maji kisimani. Kina hicho hupanda na kushuka, na kazi yangu ilikuwa kupima ni nini hasa kinachokitikisa zaidi: mvua, pampu au aina ya mchanga. Lakini kompyuta haiijui mvua ya kijijini kwetu Bongwe. Lazima uiambie huweza kunyesha kiasi gani, na kila kiasi huja mara nyingi au mara chache. Mimi niliipa mvua ndogo kabisa na kubwa kabisa, nikasema hizo na zote za katikati zina nafasi sawa. Jibu likatoka: mvua ndiyo yenye nguvu, pampu hazina neno. Nikaandika kitabu kizima juu ya jibu hilo.

Siku chache kabla ya mtihani nilikuwa nikipika wali wa nazi na Lucía, mwanafunzi mwenzangu kutoka Peru, huku nikimsimulia yale mafuriko yaliyobeba mbuzi wa Mjomba Hamisi.

"Mwaka kama huo huja mara nyingi kwenu?" akaniuliza.

"La! Hata Baba hakumbuki mwingine."

"Mbona katika hesabu yako waja sawasawa na mwaka wa kawaida?"

Tui likakatika nami nimesimama tu, mwiko mkononi.

Nikamwendea profesa wangu kumwomba niirudie hesabu. "Muda umekwisha," akasema. "Kitabu ni kizuri, kiache."

"Profesa, watu wetu wakiambiwa pampu hazina neno, wataongeza nyingine, na chumvi ya bahari itavutwa hadi visimani."

Akanipa ufunguo wa chumba cha kompyuta.

Safari hii niliipa kompyuta mvua kama inavyokuja kweli: miaka mingi ya wastani, michache ya ukame, ya mafuriko adimu kabisa. Jibu likageuka. Pampu mbele, mvua nyuma!

Mbele ya watahini niliyaweka majibu yote mawili. Mmoja, mwenye ndevu nyeupe, akauliza, "Tuamini lipi?"

Nikasema, Baba, "La pili, kwa sababu mvua yake yafanana na yetu. Ila nalo lategemea makisio yangu ya pampu, na hizo hakuna aliyezipima. Nataka nirudi nikazipime."

Wakanitoa nje. Waliponiita ndani, wote walikuwa wamesimama wakinipigia makofi, na profesa wangu analia huku akicheka. Lucía akapiga kigelegele nilichomfundisha mwenyewe, bawabu akaja mbio akidhani pana moto!

Tena kuna kubwa zaidi: ofisi ya maji huko kwetu imekubali kunipokea. Narudi, Baba. Narudi nyumbani kabisa.

Nisalimie Kaka Bakari, mlinzi wa hoteli, na Shangazi Mwanamisi, fundi cherehani wa Ukunda. Mpe salamu pia Mama Grace, jirani yetu wa kutoka bara. Na Mama mwambie asimchinje kuku kabla sijafika. Nataka nimsikie kwa masikio yangu akimfukuza uani.

Mwanao akupendaye,
Mwanasiti