Blanketi Lililokatwa Kabla ya Arobaini

Bibi yangu,

Baridi ya Juni imeanza hapa Mbinga, nawe hupo uilalamikie. Tulikulaza Liuli kama ulivyotaka, karibu na wazazi wako, kwenye joto la ziwa.

Kabla hatujaondoka nilifunika kitanda chako cha kufumia kwa kanga, kama wewe ulivyofunika cha Mama Eda alipofariki. Uliniambia kazi ya mfumaji aliyekufa haiguswi mpaka arobaini ipite, kisha aliyefundishwa naye ndiye huimalizia.

Tuliporudi kutoka mazikoni, kanga ilikuwa imekunjwa juu ya benchi. Blanketi lako la kijivu halikuwepo. Nyuzi zilikatwa kwa mkasi, Bibi. Vipande vyake vilikuwa vinaning'inia.

Ni Mama Zawadi, mwenyekiti wa kikundi chenu cha wafumaji, yule ambaye tangu mlipompa uongozi hajafuma hata shubiri. Alilipinda ncha, akalitundika ukutani kwenye chumba cha wageni cha kikundi, akawa anasema ni kazi ya mikono yake. Nilimuuliza kwa sauti yangu hii, uliyosema hata kuku haimshtui. Akacheka. "Wewe binti, kidato cha nne umemaliza juzi, leo unanifundisha mila? Marehemu hasikii baridi."

Najua ungesema, "Mwache, Mungu anamwona." Ni kweli. Lakini na mimi namwona.

Akatangaza kwamba kuna wanunuzi wanakuja kutoka Songea kumtazama akifuma. Akaniagiza nimtandie nyuzi mpya kwenye kitanda chake cha kufumia. Nikajibu, "Sawa, mama." Nikazitanda, zikanyooka vizuri. Uji sikupaka.

Wewe unajua maana yake. Nakumbuka tulivyokuwa tukipika ule uji mwepesi wa mahindi, wewe ukipaka nyuzi kwa kiganja, mimi nikilamba mwiko, ukinitania, "Mke mwenzangu, acha basi na mbuzi wapate." Ulikuwa ukisema manyoya ya hawa mbuzi wa Angora yana mapenzi mengi, yasipopata uji yanakumbatiana, na ukiyalazimisha kuachana yanakatika. Mama Zawadi angepitisha kidole mara moja tu, angejua. Hakupitisha.

Wageni wakakaa. Mama Zawadi akakanyaga vikanyagio vya kitanda, nyuzi hazikuachana. Akakanyaga kwa nguvu, zikaanza kukatika, na kila uzi aliouunga ukavuta mwingine. Wanakikundi wote walielewa. Hakuna aliyeinuka. Mama Tumaini, rafiki yako, akasema taratibu, "Jitahidi, mwenyekiti. Mikono iliyofuma lile la ukutani haiwezi kushindwa na hizi." Jasho likamtoka na baridi yote ile. Bibi, nilifurahi. Nitaungama siku nyingine. Leo bado nafurahi.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza lile la ukutani hasa limefumwa na nani. Mama Zawadi akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Nikasimama. Nikataja jina lako lote, na la baba yako, na kijiji chako. Nikasema umekufa, na kazi yako ilikatwa wakati tunakufukia. Nikapanda kwenye stuli, nikalitungua. Hakuna aliyenizuia.

Sasa anatuma watu. Anataka yaishe kimya kimya, kwa sukari na maneno mazuri jikoni kwa mama. Nimekataa. Mama anasema nimekuwa na moyo mgumu, huyu mtoto aliyekuwa hawezi kuinua uso. Labda. Aende Liuli, apige magoti kwenye udongo wako, akwambie kwa mdomo wake alikuwa ameshika nini mkononi siku unazikwa.

Nimeshafumua pindo lake. Arobaini ikipita nitaunga nyuzi zako moja moja, nilimalizie ulipoishia.

Lala, Bibi, huko kwenye joto. Na huyu niachie mimi. Nakuahidi: mpaka aje kwako, nitakuwa nampita sokoni na kanisani bila kumpa shikamoo, mimi mwenye aibu, mbele za watu wote, mpaka watu wamuulize yeye kwa nini.

Mjukuu wako,
Skola