Walivyomzika Shangazi Moza Mtandaoni

Mtanda,
Lindi.
14 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Yunusu,

Shikamoo. Hali yako? Na wifi Maimuna, mguu wake umepona au bado anachechemea? Watoto wameizoea baridi ya Sumbawanga? Huku kwetu sote wazima, alhamdulillah. Baba kikohozi kimemwachia, na mimi nipo, nakula, nalala, nafanya kazi.

Kaka, kabla sijaandika neno lingine: mama yako ni mzima. Jana asubuhi nimeongea naye kwa simu, alikuwa anakuna nazi huku ananigombeza kwa nini sijafika Kiswere wiki nzima. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata yatakushtua, nami sitaki usome nusu ukakimbilia stendi.

Siku ile ya Julai ulipopiga simu ukaniuliza, "Mwanaheri, mama mzima kweli?" nilikujibu mzima, nikasingizia mtandao, nikakata. Mtandao haukuwa na tatizo. Nilikosa pa kuanzia. Ulisema mwalimu mwenzako ameona sura kama ya mama kwenye simu. Hakukosea, ilikuwa ni yake. Najua ulimpigia mama na mwenyewe akakwambia hana neno, akabadili mazungumzo. Ndivyo alivyotaka. Alinikataza kukueleza kwa simu. "Yunusu akisikia nusu atapanda basi," alisema. "Mwandikie, asome mpaka mwisho akiwa amekaa." Basi kaa, kaka.

Unaijua kazi yangu, ingawa baba mpaka leo anawaambia watu kuwa nafundisha kompyuta. Natengeneza tovuti. Za nyumba za wageni, za shule, za wauza ufuta, yeyote anayetaka kuonekana mtandaoni. Mwezi wa pili kikundi cha akina mama wakulima wa mwani pale Kiswere, ambao shangazi, mama yako, ni mmoja wao, waliniomba niwatengenezee ya kwao ili wanunuzi wa mbali wawapate moja kwa moja. Nilifurahi mno. Nilikwenda siku ya bamvua, maji yametoka kabisa, nikawapiga picha wakivuna.

Picha ya shangazi ndiyo ilitoka vizuri kuliko zote. Ameinua tita la mwani begani, na Antonia, yule dada wa Kikole aliyeolewa pale Kiswere, ndiyo kwanza amemrushia maji ya usoni. Shangazi amekunja uso kwa jua na chumvi, maji yanamchuruzika mashavuni, anacheka. Niliiweka juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza, kubwa, na chini yake nikaandika jina lake lote na kijiji. Niliona namheshimu.

Nikueleze kidogo kuhusu vifaa vyangu, maana ndivyo vilivyonifikisha kwenye balaa. Vingi ni vya bure, vipo mtandaoni tu. Kimoja kinapunguza uzito wa picha. Kingine kinanionyesha ukurasa utachukua sekunde ngapi kufunguka kwenye simu ndogo penye mtandao wa kukatika, na hicho nakipenda sana, kwa sababu tovuti inayofunguka upesi Dar na kugoma Kiswere, kwangu bado haijakamilika. Halafu kuna kile unachokipa picha, kikakutafutia kila mahali mtandaoni ilipotumika. Huwa nakitumia kuona kama wanunuzi wanazitumia picha za wateja wangu bila kuwataja.

Asubuhi moja ya Julai, chai iko mezani, nikakipa picha ya shangazi. Nilitegemea kupata tovuti moja, yangu. Yakaja majibu mawili.

Nikafungua la pili. Kaka! Uso wa mama yako umejaa kioo kizima cha kompyuta. Tita la mwani limekatwa. Antonia amekatwa. Bahari yenyewe imetiwa ukungu wa kijivu. Umebaki uso uliokunjwa na maji mashavuni, na ukiutazama hivyo, wallahi, ni uso wa mtu anayelia kwa uchungu. Juu yake, kwa Kiingereza kizuri tu, imeandikwa kuwa Moza wa Kiswere, mjane, amefariki mwezi wa nne kwa kukosa matibabu, ameacha watoto saba, na kwamba wewe msomaji unaweza kuwaokoa yatima wake kwa kutoa chochote. Jina lake halisi. Kijiji chake halisi. Na chini, orodha ndefu ya watu waliotoa, na maneno yao ya rambirambi.

Watoto saba! Shangazi aliyekuzaa wewe peke yako, na akakulea mpaka ukawa mwalimu.

Hata matusi hayakunijia. Kilichonijia ni kwamba jina na kijiji walivipata kwangu. Mimi ndiye niliyewaandikia.

Nilimpigia Faustino, yule niliyesoma naye Dar, yeye sasa kazi yake ni ulinzi wa tovuti. Nikamwambia nataka kuwaandikia wale watu niwatukane. "Usiwaguse," akasema. "Ukiwaandikia watafuta kila kitu na kuhamia jina jingine. Kwanza hifadhi ushahidi. Ukurasa mzima, orodha, tarehe. Halafu tuangalie nani amesajili jina la tovuti na iko kwenye seva ya nani." Kuna kifaa cha hilo pia. Kikatuonyesha kuwa mwenye jina amejificha nyuma ya kampuni inayouza huduma ya kuficha majina. Faustino akacheka kicheko kibaya. "Ukuta huo. Lakini mwenye seva anajulikana. Huyo ndiye tumbane."

Ilibaki kumwambia shangazi. Nilipanda basi la asubuhi, nikashuka njia panda, nikaingia kijijini kwa bodaboda, na njia nzima napanga maneno. Nilimkuta uani na Antonia, wanaanika mwani kwenye chanja. Nikaanza kuzunguka, oh, mtandao una watu wabaya, oh, kuna wizi wa picha.

"Sema," akaniambia. "Umekuja siku ya kazi bila kunitaarifu. Nani kafa?"

"Wewe, shangazi," nikajikuta nimesema.

Akaacha mwani. "Nimekufa?"

"Wameandika hivyo. Kwenye tovuti yao. Wamechukua picha yako."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne nilikuwa nafunga sita yangu ya baada ya Idi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kosa la karani. "Kwa ugonjwa gani?"

Nikampa simu. Aliitazama picha muda mrefu. Antonia akachungulia begani kwake, akapiga kelele, "Na mimi wamenipeleka wapi? Nilikuwa hapa! Si ndiyo siku niliyokumwagia maji?" Tukacheka, kaka, nisikufiche. Tulicheka watatu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Halafu shangazi akauliza haya maandishi ya chini ni nini, nikamsomea. Nikamtafsiria rambirambi moja moja. Mungu ampumzishe Moza. Pole sana watoto. Nimetoa kidogo nilichonacho. Kicheko kikamkauka. Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na uso wake ukabadilika hata nikaogopa.

"Hawa wametoa sadaka?"

"Ndiyo."

"Kwa jina langu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe uliniuliza kabla ya kuniweka huko?"

Niliyekuwa nimemuuliza ni mwenyekiti wa kikundi. Shangazi nilimpiga picha tu, kama mtoto wa ndugu anavyompiga shangazi yake. Nikaanza kujieleza, akaninyanyulia kiganja. Akaingia ndani. Mchana hakula na sisi. Nilipoaga alinijibu akiwa nyuma ya pazia, "Nenda salama," basi. Tangu nizaliwe shangazi hajawahi kuniaga bila kunishika kichwa. Nililia kwenye bodaboda, na dereva akajifanya haoni.

Siku tano hakupokea simu zangu. Nilishafuta picha yake kwenye tovuti ya kikundi, nilishajaza fomu ya malalamiko ya mwenye seva, kampuni inayouhifadhi ule ukurasa, mara mbili, na wamenijibu kwa barua pepe ya mashine kuwa wamepokea. Siku ya sita akapiga mwenyewe.

"Huo ukurasa bado upo?"

"Bado. Lakini wataufunga, shangazi, nimewabana."

"Usiufunge kwanza."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaniambia, "Ukifungwa, waliotoa watabaki wanajua nimekufa na watoto wangu wamekula. Sadaka yao imeliwa na wezi kwa jina langu, nami nikae kimya? Nitajibu nini nikiulizwa? Waambie kwanza. Wote."

Mtu wa kompyuta aliye ndani yangu alitaka kubisha, maana kila saa ukurasa ule ukiwa wazi watu wengine walikuwa wanatoa. Tulibishana kweli. Mwisho tukakubaliana: nafungua ukurasa mwingine usiku huo huo, wa kwake, halafu ule wa wezi ukifungwa ufungwe. Majina ya waliotoa nilikuwa nayo tayari kwa sababu ya ushauri wa Faustino. Nilirudi Kiswere kesho yake. Safari hii nilimuuliza kila kitu: asimame wapi, avae nini, niandike jina au nisiandike. Alivaa kanga yake ya bluu, akakaa kwenye kiti, akaitazama kamera bila kupepesa, akasema:

"Mimi ni Moza. Ni mzima. Nina mtoto mmoja, ni mwalimu. Nalima mwani. Mlidanganywa, na mlipodanganywa mlitumia jina langu kumwomba Mungu. Mungu awalipe kwa nia zenu. Msitoe tena."

Hakurudia. Nilimwambia turudie, upepo umeingia kwenye sauti, akasema maneno ya kweli yanasemwa mara moja. Nikayaweka hivyo hivyo, na tafsiri chini yake, kwenye ukurasa mwepesi kuliko wote niliowahi kutengeneza, ufunguke popote. Kisha nikaanza kuwatafuta waliotoa, jina kwa jina. Wengi hawakupatikana, watu wana majina yanayofanana duniani kote. Niliowapata niliwaandikia. Wengine walidhani na mimi ni tapeli, mmoja akanitukana vibaya sana. Sikumlaumu.

Siku ya tisa mwenye seva akaufunga ule ukurasa. Nilifungua nikakuta weupe mtupu. Polisi hapa Lindi walichukua maelezo yangu na nakala zote, wananiita kila baada ya muda. Lakini nisikudanganye, kaka, waliofanya hatujawajua, na huenda tusiwajue. Huenda wako ng'ambo, huenda wako mtaa wa pili. Hilo ndilo linanitia ubaridi mpaka leo.

Majibu yalikuja matatu tu. Wawili walishukuru kwa kuwajulisha. Wa tatu ni bibi mmoja wa Norwei, mwalimu mstaafu kama utakavyokuja kuwa wewe. Aliandika kuwa alikuwa ameichapa kwenye karatasi ile picha ya shangazi na kuibandika jikoni kwake, na kila asubuhi alikuwa akimwombea marehemu na watoto wake saba. Aliandika: "Katika yote niliyoambiwa, hili la kifo ndilo ninalofurahi kuwa lilikuwa uongo."

Nilimsomea shangazi kwa simu. Nikasikia analia. "Mtu hanijui," akasema. "Hanijui kabisa, Mwanaheri. Kaamka kila siku kuniombea." Akaniambia nimjibu, nimwambie picha aibandue, shangazi atamtumia nyingine, na hiyo ya pili ameichagua yeye mwenyewe kati ya kumi na moja. Yumo Antonia pia, amegoma kukatwa mara ya pili. Tangu hapo wakawa wanaandikiana kupitia kwangu, mambo ya mvua, ya mwani, ya magoti yanayouma.

Mimi kazi nimeibadili. Siweki tena uso wa mtu bila yeye mwenyewe kuniambia ndiyo, akiwa anajua ni wapi unakwenda. Jina kamili na kijiji sivitaji pamoja. Wateja wengine wananiona msumbufu, waache waone.

Na shangazi amenisamehe. Hakusema, ila Jumatano ya wiki iliyopita nilipoaga alinishika kichwa akanisomea dua, akaibana mikono yangu.

Jambo moja bado linamsumbua. Yule bibi hajaandika wiki ya tatu sasa. Shangazi ananiuliza kila siku. Juzi aliniambia, "Hicho kifaa chako kinachotafuta watu, mtafute nacho, uone kama ni mzima." Nikatafuta jina lake kila mahali nilipojua. Hakuna kitu, si heri wala shari. Nikamwambia sijapata. Akafikiri, akasema, "Basi tusije na sisi tukamzika bure. Nitamwombea kama mtu aliye hai." Na ndivyo anavyofanya, kaka, kila baada ya sala ya alfajiri, anamtaja kwa jina ambalo ulimi wake unalipinda pinda, na Antonia naye Jumapili analipeleka jina hilo kanisani kwake.

Anataka uje likizo ya Desemba na watoto. Anasema anataka kuhesabiwa mzima kwa macho yenu.

Nisalimie wifi Maimuna sana, na watoto wote, na huyo mwalimu mwenzako aliyetushtua, mwambie asante. Baba anakusalimu, Antonia anakusalimu, na Abilahi fundi wa chanja anaulizia lile jora la kitambaa ulilomwahidi. Mwenyezi Mungu awalinde huko mliko, awafikishe kwetu salama, na awaepushe na kila jicho baya, la mtu na la mtandao.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa dhati,

Mwanaheri