Kicheko Kilichokatwa

Jumatatu, 11 Novemba
Klipu ya Yunisi imefika mpaka dukani kwangu, Unyambwa. Sijapanga hata madumu ya mafuta, wateja wawili wameshanionyesha. Yunisi yumo ndani ya kaburi, anapaza sauti: "Wanyaturu mmalizike upesi, mashamba ya alizeti tuchukue sisi!" Basi. Imeishia hapo.

Nilikuwepo! Tulikuwa Issuna, tunamzika mzee Mughwai. Yunisi ni Mnyiramba, mtani wetu sisi Wanyaturu. Kazi ya mtani msibani ni hiyo — kuingia kaburini, kututukana, kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Mjane, Marietha, alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, akampa kuku. Kicheko kimekatwa. Na kuku kakatwa.

Yunisi anagombea uenyekiti wa kijiji. Sasa wanataka ajitoe.

Jumanne, 12 Novemba
Wanyaturu wazima, waliozaliwa ndani ya utani, wamekasirika! Wanajua mtani hakasirikiwi. Lakini simu haikuwaambia kuwa ni mtani.

Hanifa binti yangu aliitazama mara moja tu. Tangu hapo analetewa nyingine: wageni wanapora ardhi, kabila fulani lijihadhari. "Mama, mimi sizitafuti. Zinakuja zenyewe."

Haziji zenyewe! Kuna watu wamekaa ofisini wakaiamuru mashine: kinachomshika mtu, kisukume mbele. Hasira inashika. Ndiyo algorithimu hiyo, mengine ni mapambo. Mimi nimeweka video nzima, na kuku wake. Wametazama watu kumi na mmoja. Wawili ni mimi.

Alhamisi, 14 Novemba
Mjini, mkutano wa kutoa maoni kuhusu kanuni za mitandao. Nimesema. Afisa akaniuliza, kwa upole kabisa, nataka akamatwe nani.

Hakuna! Sheria za kufunga midomo tunazo tele. Ya kuichungulia mashine hatuna hata moja. Kampuni ziseme wazi zinasukuma nini na kwa nini. Wakati wa kampeni mtu aone alichochagua kufuata, si anachomwagiwa. Wakaguzi wawepo, wasiwe wa serikali wala wa kampuni.

Mwanasheria mmoja, Kefa, kavaa tai na tabasamu: "Mama Hanifa, kwa hiyo serikali ndiyo ituchagulie cha kutazama?" Swali zuri. Nimelichukia. Nikamwambia, leo tayari unachaguliwa, ila humjui anayekuchagulia. Sitaki mchaguaji mpya. Nataka dirisha!

Wakanizimia maikrofoni. Nikaendelea bila maikrofoni.

Ijumaa, 15 Novemba
Kwa Marietha. Nimemwamkia, tumekaa. Nikamwomba aeleze kwenye simu kwamba ule ulikuwa utani. Akaniangalia kama mtoto mjinga. Simu ndiyo iliyomkata Yunisi, anasema, na yeye ajipeleke mwenyewe? Kesho atasema kwenye mkutano wa kijiji, watu wakimwona uso.

Yunisi hatoki nje. Watu wamemwimbia mlangoni, "Kachukue shamba kaburini!" Amesema mkutano ukimkataa, atajitoa. Hakataliwi. Mimi nikiwepo!

Jumamosi, 16 Novemba
Naandika mkutanoni, Issuna, daftari magotini.

Yunisi kakaa benchi la mbele peke yake. Vijana wanapiga kelele, "Ajitoe!" Marietha kasimama, kaweka sawa kitenge, kamnyooshea kidole. "Wewe Mnyiramba mwizi wa kuku! Mume wangu umemzika na njaa yako. Ukipata uenyekiti si utakula na mabanda?"

Halafu mzee mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko. Halafu benchi zima. Halafu wote! Yunisi naye, mara ya kwanza wiki hii: "Kuku mwenyewe alikuwa mgumu kama wewe!"

Wamekumbuka. Niliona nyuso zikikumbuka.

Ndipo nikaona na simu. Zimeinuliwa kila upande, zote kwa Marietha. "Mwizi wa kuku," "umemzika na njaa" — kesho itakuwa nini hiyo? Nikaruka juu ya benchi: "Atakayekata hicho kicheko, nitamkata mkono!"

Watu wakacheka zaidi. Nami nilicheka.

Sasa mwenyekiti wa mkutano anataka mikono: nani anasema Yunisi abaki. Mikono inaanza kupanda. Mingine inangoja kuona ya jirani. Hanifa kanigusa bega, kanipa simu yake. Ni mimi, juu ya benchi, mdomo wazi: "Nitamkata mkono!" Imeishia hapo. Hakuna anayecheka. Na chini yake klipu inayofuata imeshaanza yenyewe.

Safu ya nyuma wameinamia simu. Mikono yao iko chini.