Hadithi Isiyo ya Chombo Kile

Niboye, Kigali
Tarehe 11 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lile liwe limepoa tangu mvua zipungue huko Karagwe. Sisi hapa hatujambo. Alida na watoto wanakuamkia; Keza ameanza sekondari, na viatu vya mama yake sasa vinamtosha.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako, Mama, husikilizwa na nyumba nzima, na hili nataka ulisome peke yako. Ndiyo maana nimemwomba Nizeyimana, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa kumi na moja huu natunza vifaa na kuongoza wageni katika makumbusho yetu madogo ya Gikondo, ndani ya lile ghala la zamani la kahawa. Alida husema vikapu navifuta vumbi kwa upole kuliko ninavyowaogesha watoto. Kitu kikija na kadi inayosema nani alikitengeneza na nani alikitumia, nafurahi siku nzima. Lakini kulikuwa na icyansi kimoja, chombo cha maziwa cha mti, ambacho kadi yake ilikuwa tupu. Wageni walikipita kama kopo. Nikakionea huruma, nikakipa hadithi ya msichana aliyekimbia nacho ukimbizini.

Tangu hapo hakuna aliyekipita. Watu walilia, Mama. Walimu walileta madarasa wakisema wananitaka mimi Nkusi na chombo changu. Nilisifiwa, na sifa nilizipenda.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja wa Kibagabaga, jina lake Kabagwira, pamoja na wajukuu zake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu kwamba chombo kile kilikuwa cha mama yake. Nikatabasamu, maana wengi husema hivyo. Akaniambia, "Kigeuze, mwanangu. Chini kina alama ya moto. Nilikiangusha jikoni nikiwa mdogo, nikachapwa."

Sikuwa na haja ya kukigeuza; alama hiyo niliijua. Chombo husimama juu ya alama ile, na hakuna mgeni aliyewahi kuiona.

Akanieleza kwamba hakikuwahi kwenda ukimbizini. Ng'ombe walipokwisha, kilikaa nyuma ya mlango kikiwekewa mbegu za maharage, hadi mama yake, Mukunde, alipompa mtu wa parokia aliyekuwa akikusanya vitu vya kale. Hakunikasirikia. Aliuliza tu kwa nini mama yake ameondolewa, akawekwa msichana wasiyemjua.

Kesho yake nikamweleza mkurugenzi wetu, Madamu Gahongayire, kila kitu. Amenizuia kuongoza wageni hadi Juni. Niko stoo, napitia kadi moja baada ya nyingine. Nastahili adhabu hiyo. Maandishi mapya kwenye kioo yanamtaja Mukunde, na maharage yake yamo. Wanafunzi wanakipita haraka kama zamani.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Msichana wa hadithi yangu ulikuwa wewe. Niliwaambia watu yale uliyonisimulia mara moja tu, wiki tuliyomzika Baba, ukaniomba yaishie pale: mlivyokimbilia mto Akagera, wewe una miaka tisa, umekumbatia chombo cha maziwa kwa mikono miwili, ukamwambia mdogo wako ashike nguo yako, na ulipogeuka, hakuwapo. Jina lako sikulitaja. Nilijidanganya kwamba hiyo inatosha. Mama, nililifunua jeraha lako mbele ya watu wasiokujua, wakanipigia makofi.

Nisamehe, ukiweza. Na liko linaloniaibisha zaidi. Nimewasimulia maelfu ya watu habari za mdogo wako, wala sijui alikuwa akiitwa nani. Sikuwahi kukuuliza. Nilichukua hadithi, nikamwacha yeye.

Nitakuja Pasaka. Ukipenda, niambie jina lake tukiwa wawili. Usipopenda, nitamenya ndizi kando yako, sitauliza.

Msalimie sana Shangazi Béatha na wote wa hapo nyumbani. Wakikuuliza nimeandika nini, waambie ni salamu tu.

Ni mimi mwanao,
Nkusi