Vimkate vya Karin na Daku Langu

Guangzhou, Ramadhani

Shikamoo Mama,

Jana nilizunguka soko la Zhongda kutafuta vitambaa hadi miguu ikavimba, nikalala na viatu. Daku lingenipita. Alfajiri haijaingia, mlango ukagongwa: Karin, Mswidi wa chumba cha jirani, ameshika mshumaa na sahani ya vimkate vya zafarani. Kwao kuna siku ya Desemba binti huwaamsha hivyo watu wa nyumbani, kungali giza. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Hapa hana wa kumwamsha ila mimi.

Nikauma kimoja, nikakutana na iliki yako uliyonifungia safari, ile Karin aliyoniomba juzi. Machozi yakanitoka.

"Vibaya?" akauliza.

"Nipe kingine, kabla hakujakucha."

Nimechoka, Mama. Niombee Idi inikute kwako, uniamshe wewe.

Mwanao,
Zuhura