Vicha vya Juu ya Mafiga

Kijiji cha Mbingu, 14 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na dada Agnella anakutunza vizuri huko Morogoro. Mimi ni mzima. Najua masikio yako hayaelewani na simu, ndiyo maana naandika.

Nilikuja huku kwako kubomoa majengo ya zamani, lakini wiki mbili hizi nimekuwa nikishangaa tu. Ghala bado limesimama juu ya miguu yake, limeinama kidogo upande wa mto. Banda la nguruwe limemezwa na magugu. Ila jiko lako la nje ndilo limenishika. Miti ya paa inang'aa kwa masizi, na moshi wa miaka yote ile bado unanukia. Nilikaa mle saa nzima bila sababu. Hata hivyo Jumatatu fundi Lukelo atalibomoa, tujenge nyumba ya matofali uje upumzike kwa heshima.

Juu ya mafiga mimi na fundi tulikuta vicha vitatu vya masuke ya mpunga vikining'inia. Tukatwanga, tukapika, tukala na perege. Mama, ule wali! Majirani walifuata harufu.

Mwanao,
Fridolin


Morogoro, 9 Julai 2024

Mwanangu Fridolin,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haina maneno mazuri.

Mmekula mbegu. Mama yangu alinipa siku ninaolewa, naye alipewa na mama yake. Kila mavuno nilichagua masuke yenye ndevu nyekundu, nikayatundika kwenye moshi yasiingie wadudu. Dukani haipo, na majirani wote wamehamia mbegu za muda mfupi. Nilikuwa nahesabu miezi nirudi niipande. Nimelia, sikufichi.

Kosa si lako peke yako. Kwetu mbegu hufundishwa binti, na Agnella mambo ya jembe hataki hata kuyasikia. Wewe nilikufukuza jikoni ungali mdogo, nikikuambia mwanaume hakai mafigani. Basi, bomoa unachotaka.

Mama yako


Mbingu, 2 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikairudia.

Jiko bado lipo. Lukelo aliugua, na mimi, nakiri, sikumharakisha. Nilivuka mto hadi Lupiro kwa mama mdogo Edna, anasema mbegu yake iliondoka na mafuriko. Nikarudi, nikafagia jiko lote, nikachekecha mpaka majivu. Juzi nikaingia ghalani, nikang'oa mbao za sakafu moja moja. Pembeni palikuwa na kiota cha panya, na chini ya makapi nikakuta masuke manne mazima. Mama, panya amekuwa mtoto mwema kuliko mimi!

Nimeotesha punje kumi kwenye kitambaa kibichi, saba zimechipua. Humu kwenye bahasha nimekuwekea tatu nyingine, uniambie kama ndizo. Zikiwa ndizo, nakusubiri mvua zikianza.

Mwanao,
Fridolin


Morogoro, 16 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ndizo. Nilizishika kiganjani mpaka Agnella akaniuliza ninalia nini.

Usinisubiri. Hospitali wamesema moyo wangu hautaki safari ndefu wala jembe, mwaka huu wala mwakani. Nilikuwa nakuficha, na nafsi yangu pia nilikuwa naificha.

Kwa hiyo sikiliza. Usipande kwa pupa, ngoja ardhi ishibe maji. Panda mwenyewe, usimpe kibarua. Mpunga ukianza kutoa masuke, jenga dungu shambani ulale huko, ndege hawana huruma. Ukivuna, chagua mbegu kabla ya mtu yeyote kuonja, na uchague wewe, kwa mkono wako. Mwaka wa kwanza usile hata punje moja. Bibi zako wangeshangaa mbegu kwenda kwa mtoto wa kiume. Acha washangae. Nakukabidhi, ni yako.

Ukishaitundika, washa moto jikoni kila siku, hata siku ambayo huna cha kupika.

Mama yako